Kadi za Ukungu

Kwa anayeanza kunisoma leo, nimfupishie njia. Mimi ni mjane. Alitangulia mume wangu, halafu ukaja moto ukala kibanda changu cha kushonea, cherehani na vitambaa vya watu ndani yake. Mdogo wangu, tumbo moja, akanichukua nikakae kwake. Mumewe ni msimamizi wa kiwanda cha kuchapa. Akanitafutia kazi humo humo, nami nikasema basi, Mungu amenitazama.

Niliachia pale Mzee Rola, fundi wa mashine ya rangi, alipomimina chai.

Aliimimina taratibu, kwa utulivu wa mtu mzima, juu ya meza, pembeni kabisa ya kikombe. Akaweka birika chini. Akainua kikombe kitupu, akanywa.

Tukacheka. Mtu amezeeka, tukasema, hata chai inamkimbia. Yeye hakucheka. Alikirudisha kikombe mezani akaipapasa ile meza iliyolowa, kisha akajifuta mkono kwenye aproni bila kusema neno.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Sisi tulikuwa tunachapa postikadi. Si zile za simba na twiga wala mawaridi ya sikukuu. Hizi zilikuwa za picha za wale wachoraji wa zamani wa Ulaya, walioacha vyumba vyao wakatoka nje kwenda kuchora mwanga. Impresheni, tajiri wetu alivyoiita. Maduka ya makumbusho na hoteli kubwa yalikuwa yanazitaka kuliko tulivyoweza kuchapa.

Sisi wa mashineni tulizipa majina yetu. Kulikuwa na Daraja, na Stesheni, na Maua ya Majini. Kulikuwa na Mama Mwavuli, amesimama kilimani, upepo umemkamata gauni.

Kazi yangu ilikuwa kushika kadi iliyotoka mashineni, kuiweka kando ya sampuli chini ya taa, na kusema: samawati imezidi, njano imepungua. Aliyezoea kuchagua uzi wa kufanana na kitambaa hahitaji kufundishwa hilo. Wakanibandika jina la Jicho.

Baada ya chai, Mzee Rola akaniita nyuma ya mashine.

"Mwanangu, hii kadi ina daraja au haina?"

"Ina daraja, mzee."

"Liko wapi?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, nikaona hatanii. Nikakishika kidole chake nikakiweka juu ya daraja.

"Hapa," nikasema. "Linaanzia hapa, linaishia huku."

Akakipitisha kidole mara ya pili, kama mtu anayesoma.

"Zingekuwa zile kadi za simba ningejua siku ile ile," akasema. "Simba ana masharubu, ukiyakosa unajua una kasoro. Lakini hizi zenyewe ukungu mtupu. Ningejuaje ukungu wa mchoraji umeishia wapi, na wangu umeanzia wapi?"

"Nenda hospitali, mzee. Leo hii."

"Tumalize mzigo huu kwanza. Na usimwambie shemeji yako."

Sikumwambia. Lakini mashine haina siri. Mchana ule ule zilitoka kadi za Mama Mwavuli zenye nyuso mbili, moja ya waridi, moja ya samawati, kama mtu na jini lake. Rangi zilikuwa zimepishana. Rundo zima lilikuwa hivyo, na Mzee Rola alikuwa amesimama mbele yake akiitazama kazi yake kwa kuridhika.

Shemeji alikuja mbio. Alichukua kadi, akaileta karibu na pua, kisha akamwendea mzee na kumnusa mdomo.

"Umelewa."

"Tangu unijue umewahi kuniona nimeonja pombe?"

"Unanuka spiriti, mzee."

Kila mtu mle ndani alikuwa ananuka spiriti. Ndiyo harufu ya maji tuliyokuwa tunaoshea rola, yale magogo ya mpira yanayopaka rangi mashineni. Lakini tajiri alikuwa ameshafika mlangoni, na neno ulevi likishatamkwa mbele ya tajiri halirudi mdomoni.

Tajiri akanigeukia mimi.

"Wewe unakaa naye siku nzima. Anakunywa?"

Ningefanya nini? Ningenyamaza, mtu asiyejua pombe angeondoka na jina la mlevi.

"Hanywi, bosi. Anaumwa macho."

Mzee Rola akageuza kichwa. Hakunitazama mimi, alitazama mahali sauti yangu ilipotokea, hatua moja kushoto kwangu.

"Anaumwa macho," tajiri akarudia, "na mimi nimemwachia mashine ya rangi."

Basi. Nilimtoa mzee kwenye ulevi nikamtumbukiza kwenye upofu, na kazi akaikosa vilevile. Alikunja aproni yake vizuri, kona kwa kona, akaniwekea mikononi. Wakati wa kutoka bega lake liligonga fremu ya mlango. Akaiomba radhi, akidhani ni mtu.

Hakuna aliyecheka.

Kesho yake shemeji akaniita ofisini kwake.

"Shemeji, mashine ni yako."

"Mimi? Mimi ni wa kuangalia rangi tu."

"Umemsaidia mzee kila siku, umeona anavyofanya. Usinivunje moyo. Nimekuombea kwa tajiri mpaka ulimi umekauka."

Nyumbani mdogo wangu alifurahi mpaka akashika tumbo. Alikuwa na mimba pevu, ile inayotembea mbele ya mwenyewe. Na yeye alikuwa anafanya kazi pale pale kiwandani, akifunga kadi kwenye pakiti, mezani kando ya stoo ya mumewe.

"Dada yangu fundi mkuu," akasema. "Nani aliyesema mkosi umekukalia?"

"Usiuite, utasikia jina lake urudi."

Akacheka, kisha akafumba macho akabonyeza kipaji.

"Kichwa tena?"

"Ndiyo mimba. Mtoto wa kiume huyu, ananipiga kutoka juu mpaka chini."

Nami nikaamini. Mwenye mimba hata akipiga chafya watu husema ni mtoto.

Sasa niwaeleze kuhusu yale maji ya kuoshea rola. Ukibadilisha rangi lazima uoshe rola, la sivyo njano inazaa kijani na waridi inazaa damu. Zamani tulikuwa na dawa nzito yenye harufu ya mafuta ya taa, iliyokuwa inatuchubua vidole. Shemeji akapata nyingine kwa mtu anayejuana naye. Ilikuja kwenye madumu yasiyo na maandishi. Nyeupe kama maji, inakauka kabla hujageuka, rola zinang'aa. Alikuwa anaichanganya mwenyewe stoo, madirisha amefunga isipotee hewani. Tulimshukuru. Mimi mwenyewe nilimshukuru, nikawa naosha rola mikono mitupu mpaka viwiko.

Kwanza kikaja kichwa. Nikasema ni kelele za mashine.

Halafu kikaja kichefuchefu. Nikasema ni chakula.

Halafu ikaja asubuhi ya Stesheni. Ni kadi ya treni zimesimama chini ya paa kubwa, moshi umejaa, na kwenye moshi kuna mwanga wa jua. Nikaiweka kando ya sampuli. Njano ilikuwa haba. Nikaongeza. Bado haba. Nikaongeza tena, nikaosha rola, nikaongeza.

Mdogo wangu akaja kuchukua kadi za kufunga. Akasimama nazo mkononi.

"Dada, mbona treni zako leo zina manjano?"

"Manjano kivipi?"

"Manjano ya ugonjwa. Kama macho ya mtu mwenye ini bovu."

Nikaichukua ile kadi nikaisogeza taani. Kwangu mimi ilikuwa imepauka kama nguo iliyoanikwa juani msimu mzima.

"Nitarekebisha," nikasema.

Akaondoka na tumbo lake. Nikabaki nimeishika kadi, na ule moshi wa stesheni ulikuwa umetoka ukingoni mwa karatasi. Ulikuwa umefika kwenye kidole changu, umefika kwenye taa, umefika ukutani.

Nikasema nakwenda kununua panadoli. Nikaenda kliniki ya macho.

Kwenye benchi la kusubiri alikuwepo mzee mmoja, ameweka fimbo mpya katikati ya magoti. Nikamsalimia kama unavyomsalimia mtu yeyote.

"Shikamoo."

"Marahaba, Jicho," akajibu, uso ameuelekeza dirishani. "Na wewe imekuja?"

Nikakaa kando ya Mzee Rola, na hakuuliza tena. Alikuwa ameshajibiwa.

Daktari wa macho alikuwa mama mwenye sauti ya chini. Alinimulika, akaandika, akanimulika tena. Kisha akafungua mlango, akamtazama mzee pale benchini, akanitazama mimi.

"Nimesikia amekuita jina. Mnafahamiana?"

"Tunafanya kazi pamoja. Tulikuwa tunafanya."

"Kazi gani?"

Nikamwambia. Akataka kujua mashine tunaoshea nini. Nikamwambia. Akauliza inanukaje, inakauka vipi, tunavaa glovu au hatuvai. Kila nilipojibu, sauti yake ilikuwa inashuka.

"Kuna spiriti ya kidonda na kuna spiriti ya kiwandani," akasema. "Hii ya pili ni sumu. Ukiinywa inaua. Ukiivuta kila siku kwenye chumba kilichofungwa, ukaioga mikononi, inapita polepole mpaka kwenye mshipa wa jicho. Lazima nipate sampuli ili niwe na hakika. Lakini nakwambia kama ningemwambia ndugu yangu, usirudi kwenye ile mashine."

"Yangu yatapona?"

"Yako hayajafika mbali. Tukiwahi, yanaweza kusimama hapo hapo. Ya mzee..."

"Yangu usiyarudie, daktari," Mzee Rola akasema. "Nimeshayasikia mara moja, yanatosha."

Daktari akanigeukia. "Nani mwingine yuko karibu na hayo maji?"

"Anayeyachanganya ni shemeji yangu."

"Nani mwingine?"

"Mdogo wangu, mkewe. Meza yake iko kando ya stoo. Ana mimba kubwa."

Akaweka kalamu chini.

"Mtoe leo. Siyo kesho. Leo."

Sikumbuki njia niliyorudi nayo. Nakumbuka jua, na kila kitu kilichokuwa cheupe kikinichoma. Nilipofika kiwandani wenzangu walikuwa wametoka kula, tajiri hayupo. Mdogo wangu alikuwa mezani kwake, anafunga pakiti, anamwimbia kimya kimya yule mtoto tumboni. Nikampita. Nikaingia stoo, nikafungua dirisha, kisha la pili.

"Unafanya nini?" Shemeji alikuwa amekaa katikati ya madumu. "Yanapotea hewani, funga."

"Shemeji, maji haya ni sumu. Yanapofua."

Nikamweleza yote, kliniki, mzee, mshipa wa jicho. Nilisema kwa sauti ya chini mdogo wangu asisikie. Yeye alinisikiliza bila kutikisika, kama mtu anayesomewa habari anayoijua.

"Hao madaktari," akasema mwishowe. "Ukienda na jino watakutoa na figo. Mimi ndiye ninayeyachanganya tangu yaanze. Ingekuwa sumu ningekuwa wa kwanza. Mbona mimi naona?"

Akanyoosha mkono, akachukua kadi moja kwenye rundo lililokuwa kando yake, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazama kazi hii. Rangi zimekaa, mistari imetulia. Kazi safi kabisa. Hii ndiyo kazi ya kipofu?"

Ilikuwa kadi ya Mama Mwavuli. Alikuwa ameishika juu chini. Mwanamke amening'inia kichwa chini, miguu mbinguni, mwavuli umeelekea shimoni.

"Ni picha gani hiyo, shemeji?" nikamuuliza.

Akapitisha kidole juu yake.

"Nakuuliza tu. Ni picha gani?"

Akaisogeza karibu. Akaisogeza mbali. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Daraja," akasema.

Ukimya wangu ukamwambia. Akaishusha kadi taratibu akaiweka magotini, uso chini.

"Tangu lini?"

"Usimwambie mdogo wako."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Kabla ya Mzee Rola."

Kuna maneno yanachelewa kuingia. Lile lilisimama kwanza mlangoni mwa kichwa changu, likabisha, ndipo likaingia.

"Ulijua," nikasema. "Ulipomnusa mdomo, ulikuwa unajua."

"Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilidhani ni umri, au ni sukari. Alipomwaga ile chai ndipo nilipojua si mimi peke yangu."

"Na ukamwita mlevi."

"Ningesemaje? Niseme madumu yangu yamempofua mtu? Wangenifunga hapo hapo. Nyumba ile ingelishwa na nani, shemeji? Wewe ungelala wapi?"

"Na mimi ukanipa mashine yake."

Aliinamisha kichwa, na yule mtu niliyekuwa namuita mkombozi wangu nikamwona jinsi alivyokuwa mdogo, amekaa katikati ya madumu yake kama kuku anayelalia mayai viza.

"Akijifungua tu," akasema, "nitakwenda hospitali. Nitamwambia tajiri. Nakuapia. Niachie mpaka ajifungue."

Nilitaka kumwambia daktari amesema leo. Nilikuwa nimefungua mdomo.

"Baba," sauti ikaita kutoka mezani. "Dada. Chupa imepasuka."

Tulitoka pamoja. Mdogo wangu alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, maji yametapakaa sakafuni na kadi zimeanguka ndani yake. Uso wake ulikuwa unacheka na kuogopa kwa wakati mmoja.

Shemeji alikuwa ameshatoa funguo mfukoni. Gari la kiwanda, lile jeupe la kupelekea mizigo, lilikuwa uani, na yeye ndiye aliyekuwa analiendesha kila siku. Kila siku.

"Nitampeleka," akasema.

"Usiendeshe. Tuite teksi."

"Teksi ifike saa ngapi?" mdogo wangu akasema. "Dada, mtoto hasubiri foleni."

"Asiendeshe."

"Kwa nini asiendeshe?"

Shemeji akanigeuzia uso. Macho yake yalikuwa mazuri, hayana alama yoyote, hayana hata wekundu. Yalinitazama begani.

"Haoni," nikasema.

Mdogo wangu akacheka, mkono kiunoni. "Dada, huu si wakati wa utani. Haoni vipi na ndiye anayenileta kazini kila asubuhi? Mimi nikiwa kando yake namwambia, taa nyekundu hiyo baba, kijani hiyo, angalia pikipiki. Ananicheka anasema nina mdomo kama..."

Mkono ukamtoka kiunoni.

Nililiona likimwingia. Alimtazama mumewe, na mumewe akatazama funguo.

"Baba?" akasema.

Kabla hajapata jibu uchungu ukamkamata, akajikunja mpaka kipaji kikagusa meza. Nikamshika huku, mumewe akamshika kule. Ulipomwachia, hakunitazama tena.

"Twende," akamwambia mumewe. "Nitakuonyesha njia."

"Umechanganyikiwa," nikasema. "Mtakufa watatu."

"Na nikizalia hapa, kwenye maji haya?" Alikuwa analia bila sauti. "Niambie wewe basi. Wewe si Jicho? Endesha wewe."

Sikuwahi kushika usukani maishani mwangu, naye alijua.

Walitoka. Shemeji alishuka ngazi bila kupapasa, alizijua kwa miguu. Alimfungulia mlango, akampandisha, akazunguka mbele ya gari huku mkono unateleza juu ya boneti. Mimi nilikimbilia getini. Nilijisemea, nikisimama katikati, hawezi kupita. Mke wake atamwambia nipo. Atasimama, watashuka, tutapiga kelele barabarani mpaka apatikane mtu mmoja mwenye macho.

Nikasimama getini nikanyoosha mikono.

Jua la mchana lilikuwa limepiga ukuta mweupe wa kiwanda, ukuta ukapiga uani, na gari jeupe lilikuwa katikati ya weupe ule. Nikaona mlango wake. Halafu sikuuona. Nikaona kioo kinamulika, halafu mng'ao ukatanda, ukamwagika kila upande, mpaka hapakuwa na ukuta wala gari wala ua, palikuwa na mwanga tu.

Injini ikawaka.

Nilisikia gia ikiingia. Nilimsikia mdogo wangu akisema kitu, sauti ya juu, neno moja, sikulikamata. Mbele yangu, ndani ya ule weupe, doa jeupe zaidi lilianza kusogea.

Nilikaza macho mpaka yakatoka machozi, na sikuweza kujua kama lile gari linarudi nyuma au linanijia.